Ng'ombe wa Kengele Aliponibeba

Watu wakiniona nikichechemea hapa Kitengela hufikiri ni uzee. Ni jiwe. Miaka ya tisini nilikuwa nachonga mawe ya kujengea, moja likaniangukia goti. Silitukani, maana mawe ndiyo yaliyoninunulia ng'ombe kumi na moja. Shule nilikaa miaka miwili tu. Nilicho nacho nimekitoa ardhini kwa mkono.

Malisho yalikuwa mbali, maji mbali zaidi, na mtu asiyeweza kufuata ng'ombe zake hana ng'ombe. Mke wangu aliniambia wazi, "Baba, uza, turudi Ukambani upumzike." Mimi kupumzika sijui kunafanywaje.

Kwetu Ukambani dume huzoeshwa kulima tangu akiwa mdogo. Nikasema, anayevuta jembe hashindwi kubeba mtu. Dume sikuwa naye. Nikachagua jike mpole kuliko wote, yule wa kuvaa kengele, anayetangulia wenzake.

Nilianza na gunia tupu mgongoni. Akalitupa, akalikanyaga. Kesho yake tena. Akitulia, nampa magadi alambe. Nikaongeza mchanga kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka gunia likajaa. Siku nilipopanda mwenyewe alinibwaga kwenye mavi. Goti likavimba, nikalala siku mbili. Nikarudi.

Jirani yangu, mzee Mmaasai, alikuja kutazama, akanisalimu Kimaasai.

"Sopa, Mkamba."

"Epa."

"Kwani punda wameisha Kajiado?"

"Ng'ombe wangu, matako yangu. Wewe inakuwasha wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwetu mtu akipanda ng'ombe, wazee wanaitwa wamwombee."

Ilichukua karibu miezi sita, lakini alinibeba. Na kwa kuwa ni wa kengele, wale wengine walifuata nyuma bila fimbo. Nikajiona mjanja. Asubuhi moja nikampanda kwenda madukani, kando ya barabara ya Namanga, kutafuta dawa ya goti. Kugeuka, wote kumi wako nyuma yangu. Malori yanapiga honi, mama mboga anawachapa kwa mwiko, kila mdomo una sukuma wiki. Sikuwa nimefikiria hilo: ukikalia kiongozi, hutoki nyumbani peke yako.

Nilichunga hivyo msimu mzima. Kisha jirani akaja, akamshika ng'ombe ubavu.

"Huyu ana mimba. Ukiendelea kumkalia itaharibika."

Siku hiyo hakucheka. Mke wangu alisikia, akaanza tena habari ya Ukambani. Nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Kulipokucha nilifungua boma. Ng'ombe akasimama kando yangu, akingoja nipande. Sikupanda. Nilimshika shingoni tukaanza kutembea. Basi nikagundua kitu: miezi yote ile ya kubeba mzigo ilikuwa imemfundisha kwenda polepole, na hakuacha. Nikisimama kupumzisha goti, anasimama. Akisimama yeye, wote wanasimama.

Tulifika silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo, saa tisa, wa mwisho kabisa. Mifugo ya watu ilikuwa imeshakoroga maji yakawa tope. Nikakaa ukingoni nikingoja yatulie, mguu umenyooka mbele yangu kama ukuni. Yakatulia. Ng'ombe zangu wakanywa, na aliyewaleta ni mimi.