Mlinzi Aliyekwenda Kuomba Nyumba

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Simama Hapo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyowaambia watu kwenye geti la ghala la mbao tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi tii. Simama hapo, wewe ni nani, unatoka wapi, una shida gani. Ukishamjibu hukuti mtu mpole kama yeye, ila lazima umjibu kwanza. Watani wake walidai kwamba hata siku ya kuoa alimuuliza bibi harusi ana shida gani. Mkewe, msusi mwenye mdomo mwepesi na vidole vyepesi zaidi, akiulizwa kama ni kweli alicheka tu na kuendelea kusuka.

Sasa, mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na chumba chao kilikuwa kimoja: kitanda huku, jiko kule, katikati pazia. Binti yao wa darasa la nne alikulia humo akitembea kwa ncha za vidole. Aliweza kufunga mlango usilie, kuosha sufuria zisigongane, na tena aliweza kucheka bila sauti. Hilo la mwisho baba mtu aliligundua siku moja usingizi ulipomkatikia mchana. Alimwona mtoto kainamia kitabu, kaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka kwa raha, na chumba kimya utadhani hakina mtu. Simama Hapo aligeukia ukutani. Ilimuuma, na hakulala tena mchana ule.

Kwa hiyo mwenye chumba alipowaambia kwa upole kwamba anakihitaji, mdogo wake anarudi na hana pa kukaa, mlinzi wetu hakununa. Alimwambia mkewe kwamba safari hii wanatafuta vyumba viwili, liwalo na liwe.

Habari ililetwa na mteja wa kusukwa. Alisema kuna mkunga mstaafu mwenye nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, vyumba viwili na bomba lao wenyewe, na wapangaji wamehama. Bibi huyo hataki madalali. Jumamosi asubuhi atawakalisha waombaji mmoja mmoja sebuleni kwake, awaulize mwenyewe, achague mwenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote, kujibu kulimshinda kabisa. Mkewe alijifunga kanga, akakaa kitandani akijitia mkunga, akamuuliza yeye ni nani. Simama Hapo akamwambia aanze yeye kujitambulisha. Mkewe akamuuliza anafanya kazi gani, naye akataka kujua nani anauliza. Binti alikuwa sakafuni, hoi kwa kile kicheko chake cha kimya. Msusi alishika kichwa, akamwambia mumewe kwamba akiendelea hivyo watalala nje, na nje hakuna geti. Walirudia wiki nzima, mpaka ikafika mahali akawa anayamwaga majibu yote bila kukwama: kazi, familia, sababu ya kuhama, na kwamba mwenye chumba wa sasa yuko tayari kupigiwa simu awasemee. Shati lilipigwa pasi likasimama lenyewe. Kofia na tochi alipigwa marufuku kuvigusa.

Jumamosi akatangulia peke yake, maana mkewe alikuwa na kichwa cha mtu hakijaisha. Alipofika, alichokiona kilimchoma macho. Geti wazi pande zote mbili! Watu wamejaa uani, wengine wanasukumana barazani, bwana mmoja kasimama katikati ya tuta la mchicha, na ndani mkunga anasikika akiwaomba waingie mmoja mmoja. Simama Hapo alijitahidi kujizuia, Mungu ni shahidi. Alihesabu vidole vyake. Kisha akawatoa wote nje ya uzio, akafunga upande mmoja wa geti, akasimama mbele yake.

Watu wakatulia. Kila mmoja alidhani ni mlinzi wa nyumba, na mtu mbele ya mlinzi husema yote kama anaongea na ukuta. Bwana wa kwenye mchicha alimwambia kwamba anataka kufunga mashine ya kusaga nafaka, ila bibi atamwambia anaishi peke yake na vitabu vyake. Mama mmoja alikuwa na mbwa watatu ambao hakukusudia kuwataja. Mwalimu aliyebeba mtoto mchanga alipitishwa mbele ya wote ili asikae juani. Simama Hapo aliwaingiza kwa zamu, akawaonyesha pa kukanyaga, akawaaga wakitoka. Kwa kweli alikuwa na asubuhi nzuri sana.

Msusi alikuja mbio mwombaji wa mwisho akitoka. Aliangalia uani, akaliangalia geti, akamwangalia mumewe.

"Umeshaingia?" aliuliza.

Ndipo Simama Hapo alipokumbuka kwamba naye alikuja kuomba nyumba. Mkewe hakusema neno, na kwa msusi yule kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha.

Mkunga akatoka na kikombe cha chai, akampa mlinzi. Alisema hajui nani kamtuma, lakini amemwokoa yeye na mchicha wake. Kisha akasogea karibu. Watu hawa, alisema, wameongea na geti kabla ya kuongea naye. Je, kuna aliyemdanganya?

Msusi akamkanyaga mumewe mguu. Neno moja tu lilitosha: mashine, mbwa, kwisha kazi. Simama Hapo alikitazama kikombe.

"Mama, neno nililoambiwa getini nimepewa nililinde," alisema. "Nisamehe. Ila yule mwalimu ni mtu mzuri."

Msusi akafumba macho.

"Mwalimu ameona nyumba iko mbali na shule yake," mkunga alisema. "Hao wengine nitawauliza upya. Na wewe una shida gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo akiwa amesimama getini. Majibu ya wiki nzima yakayeyuka yote.

"Nina mtoto anayecheka bila sauti, mama. Mimi hulala mchana, na chumba ni kimoja."

Mkunga akamtazama msusi, naye akaitikia kwa kichwa.

"Kazi yangu yote nilikuwa nasubiri kusikia sauti ya mtoto," mkunga alisema. "Wanaopiga kelele hawakunitisha kamwe. Aliyenitisha ni yule aliyetoka kimya." Akachukua kikombe kilichobaki kitupu. "Sina cha kuuliza tena. Mleteni."

Walihamia mwisho wa mwezi. Msusi na binti walitangulia na vyombo. Simama Hapo akafuata na mkokoteni wa magodoro, ufunguo umo mfukoni. Alifika getini, akasimama. Akapiga hodi. Akakohoa, akangoja kwa adabu aje mtu amfungulie.

Binti akatoka mbio mpaka kwenye geti, akamwona baba yake kanyooka na magodoro yake. Akajikaza uso.

"Simama hapo," alisema. "Wewe ni nani? Una shida gani?"

Kisha akashindwa kujizuia. Mikono yake ikapanda kuelekea mdomoni kama ilivyozoea, ikaishia njiani, na kicheko kikatoka chote, kikubwa, chenye mikwaruzo, kikavuka ua mpaka barazani kwa mkunga. Miaka yote hiyo, baba mtu hakujua kicheko cha mwanawe kina sauti gani. Alibaki nje na mkokoteni wake, hana hata haraka ya kuingia, mpaka mkewe akaja kumuuliza analia nini.