Waulizeni na Wazima

Hospitalini walimwita Mama Mafaili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa masjala, na wagonjwa wengi aliwajua zaidi kwa namba za mafaili kuliko kwa sura. Mdomo wake haukuwa na breki.

Wiki moja, wafanyakazi ishirini na wanne wa kiwanda cha nguo waliletwa wakiharisha vibaya. Bwana afya, mgeni kazini, akawauliza walikula nini. Ishirini na wawili wakajibu: maharage ya kantini.

"Basi, mchawi ni mpishi," akasema.

Mpishi huyo alikuwa wifi yake Mama Mafaili, na hawakuwa wakisemeshana tangu mwaka juzi, walipogombania cherehani ya marehemu mama mkwe. Watu wakadhani karani atachekelea. Yeye akatua kikombe chake.

"Na wazima je? Walikula nini?"

"Wazima wana shida gani, mama?"

"Hawana, ndiyo maana tuwaulize! Kantini ile hupika maharage kila siku. Kama na wao waliyala, maharage hayana kesi."

Bwana afya akacheka, kisha akaacha kucheka. Kwa kila mgonjwa wakatafuta wazima wawili wa zamu ile ile, wote wakaulizwa maswali yale yale. Mama Mafaili hakumhoji hata mmoja.

"Mpishi ni wifi yangu. Nitauliza huku nimeshajijibu," akasema, akamwachia muuguzi.

Majibu yakaja. Kati ya wazima arobaini na wanane, arobaini na watano walikula maharage. Lakini maji ya barafu ya pipa la nyuma ya stoo ya kiwanda waliyanywa wagonjwa ishirini, na wazima saba tu. Wagonjwa wanne waliobaki haikujulikana waliuguaje, na bwana afya akaandika hivyo hivyo. Maabara ikayapima maji, ikakuta machafu. Pipa likaondolewa, na hakuletwa mgonjwa mwingine.

Jumamosi wifi akatokea kwenye dirisha la masjala, kanga begani, uso mkavu.

"Nasikia umenitetea."

"Nani? Ingekuwa maharage, ningesema maharage."

Wifi akamkazia macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Wewe hubadiliki!"

"Zunguka mlangoni basi, unazibia watu dirisha."

Akaingia. Asubuhi ile mafaili yalichelewa kutoka, na waliokuwa kwenye foleni walisikia vicheko viwili tu.