Blenda Zilizovishwa Leso

Niliondoka Changamwe asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimeichoka kazi ya ghala, kama nilivyozichoka nyingine kabla yake. Kufika Bamburi, nikaona kibao kwenye geti la nyumba moja: Anatakiwa mtu wa kuvunja vitu. Shule niliiacha mapema, lakini kuvunja nilikujua tangu utotoni. Redio ya baba ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nikabisha hodi.

Aliyenipokea ni Mhariri Mkuu, mama mrefu wa sauti ya chini. Alikuwa na tovuti ya kuwashauri watu wanunue chombo gani cha nyumbani na waache kipi.

"Ukivunja kitu, utaweza kuniambia kimevunjika vipi?"

"Nitakwambia, mama, hata usiponiuliza."

"Basi ingia. Leo ni pasi."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya upimaji, na sijapata kuipenda kazi nyingine hivyo. Tuliangusha pasi sakafuni, tukawasha feni zikazunguka wiki nzima, tukachemsha mabirika mpaka yakachoka. Kila chombo tulikivisha leso, ile kanga ya akina mama, kabla ya kukipima, jina la kampuni lisionekane. Kazi hiyo tuliiita "kumvisha bi harusi". Aliyevisha hakupima, na aliyepima hakuvisha. Tovuti ililipwa kamisheni msomaji akinunua kupitia kiungo chetu, lakini sisi wapimaji hatukuambiwa ni kampuni gani zinazolipa.

Chumba cha majaribio kilisimamiwa na Bi Salma, mzaliwa wa Kisauni, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Blenda alizipima yeye. Kila tulipozirudia, ilishinda ileile, moja nyeupe yenye kisu kipana. Wasomaji wakaanza kunung'unika, hasa wa bara. Mmoja aliandika waziwazi: "Huyo mpimaji wenu amehongwa." Wengine wakaitikia.

Mhariri Mkuu akamwita Bi Salma mbele yetu. "Salma, sikushuku. Lakini tovuti hii inaishi kwa kuaminiwa. Ikifika Ijumaa sina jibu la kuwapa watu, itabidi ukae kando."

"Wallahi, hata sijui inatengenezwa na nani!" alisema Bi Salma. "Naiona imevaa leso, kama mwari."

Hakuna aliyecheka. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Kwamba hakuhongwa nilijua, kwa sababu leso nilikuwa nikizivisha mimi. Lakini mtu hanung'uniki bure. Nilitaka kujua kilichomuuma.

Yule aliyeandika alikuwa akiishi Changamwe, kulekule nilikotoka. Nikamwomba kwa ujumbe nije nione blenda yake, akakubali. Alikuwa Mama Wanjiru, mke wa dereva wa malori, mwenyeji wa bara. Alinifungulia mlango na mtoto kiunoni.

"Ndiwe wa tovuti? Ati mmetuma mzee, ndio nisipige kelele?"

"Piga tu, mama. Nimekuja kusikiliza."

Akanipa kijiko cha uji mzito wa kijivu. "Onja."

Nikaonja. Ulikuwa na chembechembe kama mchanga.

"Mtoto anautema. Ile blenda ya zamani, ya jirani, inalainisha kabisa. Hii yenu ni ya kifahari ya bure."

"Unasaga nini humu?"

"Njahi, maharagwe yetu meusi, na viazi. Kwani wewe unasaga nini?"

Swali lile lilinisimamisha. Sisi tulisaga nazi. Tangu tovuti ianze tulisaga nazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba blenda ina kazi nyingine kubwa kuliko tui. Na tui zuri lataka blenda isiyosaga sana. Ikisaga nazi ikawa unga, machicha hupenya kwenye chujio, tui likawa zito na lenye mchanga. Kwa hiyo kila mara tulikuwa tukiituza ile inayobakiza chembe, na kuzishusha zinazolainisha.

Nilirudi mbio. Bi Salma akachemsha njahi, nikavisha leso, akapima. Ile nyeupe ikawa ya mwisho. Bi Salma akacheka mpaka akashika ubavu.

"Yaani mwanangu, kumbe nilihongwa na mnazi!"

Mhariri Mkuu aliandika hivyohivyo kwenye tovuti: pesa hatukula, ila tulipima kwa jiko la kwetu tukadhani ni la kila mtu. Bi Salma akabaki kazini. Tangu siku ile, juu ya kila pendekezo tuliandika tulichosaga. Mama Wanjiru akajibu kwa neno moja, "Afadhali," na kwa mtu kama yule hiyo ni sifa.

Nilivunja vitu pale mpaka magoti nayo yakaanza kuvunjika. Siku ya kuagwa walinipa birika, nalo wamelivisha leso. Kesho yake nikatoka na begi bila mpango, nikavuka kwa kivuko hadi Likoni, nisikomjua mtu. Nyumba moja yenye baraza safi ilikuwa na chumba cha kupanga.

"Shikamoo, mzee. Ulikuwa ukifanya kazi gani?" aliniuliza mwenye nyumba.

"Marahaba. Nilikuwa nikipima vyombo: pasi, feni, blenda."

"Alhamdulillahi! Hebu nambie basi, ninunue blenda ipi?"

"Kwanza nambie, mama. Unasaga nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari ina maji gani. "Nazi, baba. Kwani kuna nini tena?"

Nikaweka begi chini, nikamtajia ile nyeupe.