Kisogo cha Msusi

Baba alinituma kwa shangazi siku ya mvua kwa makusudi. Alisema siku kama ile ndipo upweke unapomuuma mtu, kwa hiyo dada yake hatakuwa na ubishi. Kwetu chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi na kitanda kimetandikwa. Kama angesema ndiyo, angefunga saluni yake na kuhamia kwetu mwisho wa mwezi.

Kwetu ni kelele tu. Tangu Mama afariki, kila chumba kina redio, na zote zinasema kwa wakati mmoja. Ukizima moja, Baba anakuja kuuliza kwa nini nyumba imepoa. Nampenda sana, lakini masikio yangu yamekoma.

Shangazi ni msusi. Anaishi peke yake katika chumba cha nyuma ya saluni, hana mume wala mtoto, na ukoo mzima umemhurumia miaka thelathini bila kumuuliza. Kutwa watu humpa vichwa vyao na kummwagia yote: waume, mawifi, magonjwa, mambo ya jirani. Yeye huguna tu na kuendelea kusuka. Siku za mvua hapati mteja, maana hakuna anayetaka kusukwa nywele zikalowe njiani.

Nilifika nimelowa chapachapa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikachungulia, maneno ya kumbembeleza nikiwa nayo mdomoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, miguu peku, chai pembeni, amekipa kioo mgongo. Alikuwa anajisuka mwenyewe. Vidole vilitembea polepole, macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Kumbe mtu ana raha zake! Niliona haya, kama niliyemfungulia mtu mlango wa bafuni.

"Ingia, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ila usinisemeshe kwanza."

Nikaketi. Kunyamaza kwangu ni kazi ya sulubu, nimerithi kwa Baba. Mvua ilipiga bati, nami nikajibana hivyo hivyo. Baada ya muda nikaanza kusikia chanuo likipita kwenye nywele, kisha pumzi zangu mwenyewe. Sikumbuki ni lini nilikuwa nimezisikia mara ya mwisho. Ilinipendeza, nami nilishangaa.

Alipofika kisogoni mikono ilimchoka. Hapo ndipo mistari yake hupinda siku zote, na ndiyo sababu hujifunga kitambaa. Sisi tulidhani ni huzuni. Akaninyooshea chanuo juu ya bega. Nilimsuka mistari mitatu ya mwisho, mmoja nikaupindisha vibaya, naye hakulalamika.

Ndipo nikamwambia habari za chumba. Akauliza kimepakwa rangi gani. Nikamwambia buluu. Akasema ni rangi nzuri, nimpe Baba shukrani, lakini yeye haji.

"Mimi mvua naisubiri, mwanangu. Anayeiogopa ni baba yako. Tangu mkewe aondoke hajakaa kimya hata siku moja. Anajua akinyamaza atasikia kwamba hayupo."

Machozi yalinilengalenga. Miaka yote hiyo nilikuwa nalaumu redio.

"Ikinyesha tena, mlete," alisema akijifunga kitambaa chake. "Redio aiache."

Baba alipopata majibu alinuna. Alisema dada yake ana kichwa kigumu tangu utoto, kisha akaongeza sauti ya redio ya sebuleni, na habari hiyo ikaishia hapo.

Wiki mbili baadaye tuliamka na mvua. Nikiwa bado kitandani nilisikia redio ya jikoni ikizimwa, halafu ya sebuleni, halafu ya chumbani kwake. Nilitoka mbio nikidhani anaumwa. Alikuwa mlangoni amevaa koti, anahangaika na mwavuli uliogoma kufunguka.

"Hivi kile kigoda chake," aliniuliza, "kitanibeba?"