Igizo la nyimbo la Biryogo lililonigharimu ng'ombe watatu

Wakuu, salaam kwenu.

Nianze na gharama, maana najua humu kuna watu hawasomi uzi mpaka wajue bei. Ng'ombe watatu, sharubu za miaka miwili, na sauti yangu kwa siku tisa. Nimehesabu mara mbili. Ng'ombe ni wale wale watatu.

Ninachosimulia ni kweli. Mke wangu amekaa hapa pembeni anakunja nguo, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Ilikuwa Kigali, mtaa wa Biryogo, miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa kijana, nauza vitambaa kwenye kibaraza cha ami yangu. Sifa yangu mtaani ilikuwa moja: sikuwahi kukubali bei ya kwanza. Wala ya pili. Hata kinyozi nilipatana naye upande wa kushoto kwanza, tukimaliza tunaanza wa kulia.

Sasa, chuo ambako watoto walisoma Kurani kilikuwa kinavuja. Wazee wakasema yatafutwe mabati. Mwalimu Kassimu, ambaye aliwahi kukaa Ujiji akarudi na gitaa na mawazo mengi, akasema tufanye igizo la nyimbo, watu walipe kiingilio.

Hakuna aliyejua igizo la nyimbo ni nini. Akaeleza: ni mchezo wa kuigiza, lakini badala ya kusema, unaimba.

Mzee mmoja akauliza, "Hata ukitaka maji?"

"Hata maji," Mwalimu akasema.

Wazee wakatazamana. Lakini mabati ni mabati, wakakubali.

Hadithi ilikuwa ya posa. Upande wa mume unakuja kuomba binti, msemaji wao anataja ng'ombe watatu, baba wa binti anakataa. Anataja wanne, baba anakataa. Anataja watano, baba anakubali, matari yanapigwa, binti anaimba kuwa ameridhika, wote wanaimba, pazia. Watano ndiyo ilikuwa bei ya kawaida mtaani kwetu, hata nje ya igizo.

Msemaji wa upande wa mume alikuwa Sudi, fundi seremala, rafiki yangu. Mimi nikapewa baba wa binti. Msidhani ni kwa sababu ya kuimba. Mwalimu aliniambia wazi, "Sauti yako haina nota, lakini ina umbali."

Na binti je? Hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Mtaani kwetu msichana hakupanda jukwaani mbele ya wanaume. Mwalimu akapata njia: binti aimbe akiwa nyuma ya pazia, haonekani. Aliyechaguliwa ni Mwajuma, binti wa Mzee Ramadhani mchinjaji. Mzee aliruhusu kwa masharti mawili. Shangazi yake akae naye nyuma ya pazia, na aje siku ya onyesho tu, asije mazoezini.

Wakuu, Mwajuma nilikuwa namtaka. Nilikuwa namtaka tangu siku aliyokuja kununua mita tatu za kitambaa akanishusha bei mpaka nikamshukuru. Sijawahi kupigwa vile na mtu yeyote. Nilikaa kibarazani naangalia mgongo wake ukienda, nikajua.

Lakini baba yake alikuwa na posa nyingine mkononi, ya kijana mmoja aliyefanya kazi uwanja wa ndege wa Kanombe. Mshahara wa kila mwezi, suruali yenye pasi. Ami yangu aliniahidi kuwa igizo likiisha, wiki inayofuata atanipeleka kwa Mzee Ramadhani. Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja tu ya kupata au kukosa.

Mazoezi tulifanya kila Alhamisi jioni, uani kwa mafundi cherehani. Miezi minne. Sehemu ya Mwajuma aliiimba Mwalimu mwenyewe kwa sauti nyembamba. Sudi akitaja watano, nami nikijua ile sauti ndiyo inayofuata, nilikubali bila shida. Kila Alhamisi. Ungekuwa wewe, usingekubali haraka umalizane na ile sauti?

Siku ya onyesho wakanipaka gundi ya unga wa ngano nibandikwe ndevu za pamba. Hazikushika kwa sababu ya sharubu zangu. Sharubu zikanyolewa pale pale. Sikupewa hata nafasi ya kupatana.

Ukumbi ulijaa. Nilichungulia nikahesabu watu mia moja arobaini na wawili. Nikarudia, nikapata mia moja arobaini na watatu, maana mmoja alikuwa amekalia kiti nusu na mwenzake. Mzee Ramadhani alikuwa safu ya mbele, katikati, kofia yake nyeupe, mikono juu ya magoti.

(Wengi wa waliokaa kwenye viti vile leo hawapo. Mtaelewa. Hilo si la uzi huu, lakini siwezi kuwahesabu bila kulisema.)

Tukaanza. Sudi akaimba watatu, nikakataa. Watu wakacheka. Akaimba wanne, nikakataa. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Mwalimu, kwa kutaka uzuri ambao hatukuuzoea, akampa Mwajuma ishara atoe mlio kidogo nyuma ya pazia, bila maneno, kama binti anayesubiri jibu.

Alikuwa yeye. Hatua mbili nyuma ya shingo yangu.

Sudi akapiga goti, akaimba watano.

Nikafungua kinywa nikubali, kinywa kikakataa. Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Kwanza, ningemtoa Mwajuma kwa akina Sudi kwa bei ile ile anayotolewa kila mtu. Pili, mimi mwenyewe sijawahi kukubali bei chini ya mara tatu za ubishi, na Sudi aliipandisha mara mbili tu. Miezi minne niliimba bila kuhesabu. Siku ile nilihesabu.

Nikaimba, "Watano? Mnaujua mzigo mnaoutaka?"

Haikuwamo kwenye skripti. Sudi akanitazama kama mtu aliyekanyaga msumari.

Nikaendelea. Nikaimba kuwa huyu binti anasoma Kurani bila kushikwa mkono. Kwamba anashika daftari la bucha la baba yake na haijawahi kupotea hata nusu kilo. Kwamba akiingia dukani muuzaji ndiye anayetoka na hasara. Kila sifa nilipandisha sauti, na ndevu zikaanza kubanduka upande mmoja.

Ukumbi ukasimama. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaja mbele kunituza sarafu, maana kwetu mwimbaji akikugusa huwezi kukaa. Mwalimu alibaki anarudia mkato mmoja wa gitaa, macho ameyafumba.

Sudi akaimba sita. Nikakataa.

Akanisogelea, akanong'ona, Kinyarwanda na Kiswahili pamoja, "Ariko sha, kubali! Iko nini na weye leo?"

Nikamnong'oneza, "Panda."

Akaimba saba, kwa uchungu kabisa, kama ni ng'ombe wa babake. Nikakataa. Ndevu zikaanguka. Nikaziokota nikazishika mkononi, nikaendelea kukataa.

Basi Sudi akaishiwa. Akakaa chini. Nami sikuwa na njia ya kurudi nyuma, kwa sababu baba wa binti hashuki.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, kwenye wimbo ule ule:

"Baba, wanane watosha, nisije nikazeekea humu ndani."

Ukumbi uliangua kicheko mpaka mabati yakalia. Nikamsikia shangazi mtu akisema, "We mtoto!" Sudi akaruka juu, "Wanane!" nami nikaimba nimekubali. Pazia.

Mabati ya chuo yakapatikana, na misumari juu. Mimi sauti ikaondoka siku tisa.

Lakini siku ile nilipotoka jukwaani nilimwona Mzee Ramadhani bado amekaa. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anahesabu vidole.

Sauti iliporudi, wiki ile niliyopewa ikiwa imepita kwa siku mbili, tukaenda kwake, mimi na ami yangu. Kwa wasiojua: kwetu posa ina milango miwili. Mahari ya dini ni ya binti mwenyewe, hiyo haina ugomvi. Ng'ombe wa mila ni wa baba, na hapo ndipo watu hukesha.

Mzee akatupa chai ya tangawizi. Ami akatoa maneno yake mazuri, akaanzia wanne, ili tukutane kwenye watano kama watu wote.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hata kubadili uso, "Anasoma Kurani bila kushikwa mkono."

Ami akasema, "Mashallah."

"Anashika daftari la bucha, haijapotea nusu kilo."

Ami akanigeukia polepole.

"Akiingia dukani, muuzaji anatoka na hasara." Mzee akanywa chai. "Mimi baba yake sikuwahi kumsifu hivyo. Sifa ni zake kijana wako, bei ni yake, na mashahidi ni ukumbi mzima. Mimi nimeongeza nini?"

Ami akajaribu. "Mzee wangu, lile lilikuwa igizo."

"Nililipa kiingilio," Mzee akasema.

Nikauliza, kwa heshima, kama kijana wa Kanombe naye ameambiwa wanane. Mzee akasema hapana, yule ameambiwa watano, kwa sababu yule hakuimba. Na jibu lake analileta Ijumaa.

Ilikuwa Jumatano.

Nikasema wanane. Ndiyo mara ya kwanza maishani kukubali bei ya kwanza, tena ilikuwa yangu mwenyewe.

Watano nilipeleka kabla ya ndoa. Watatu waliobaki nilipewa muda. Na msifikirie ng'ombe wa maneno, yule ni mchinjaji, alikuwa anawapapasa mbavu mmoja mmoja. Wa nane alipofika, mtoto wetu wa kwanza ndiye aliyemfungulia lango.

Nilichojifunza ni hiki: usisimame upande wa muuzaji kwenye kitu unachotaka kununua. Hata kwa kuimba. Ila nikiangalia mizani miaka yote hii, mke wangu akiwa anakunja nguo hapa, siwezi kusema nilipunjwa. Yeye anasema nilipunjwa kidogo.

Sasa kilichonileta humu.

Jumamosi ijayo wanakuja kumwomba binti yangu wa mwisho. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Msemaji wa upande wao, mzee anayeuza makabati Gisozi, si mwingine bali Sudi. Kanipigia simu juzi. Hakunisalimu hata. Kasema, "Mara hii fuata skripti. Watano." Kakata.

Binti anasema, "Baba, usiimbe tu, tafadhali."

Mama yake kaweka nguo chini, kaniuliza, "Mimi nilikuwa wanane. Mtoto wangu atakuwa watano?"

Wakuu, nishaurini. Nikisema watano nalala nje. Nikisema wanane, Sudi atakaa chini tena, na mara hii hakuna mtu nyuma ya pazia wa kuniokoa.

Na kama kuna yeyote humu aliyekuwa ukumbini siku ile, aandike tu alisikia ngapi. Mashahidi tumebaki wachache, na mimi hupenda kuhesabu mara mbili.