Fundi Aliyemuuliza Dereva

Niseme mapema: Bi Fyuzi hana adabu. Mpelekee gari umwambie "nadhani ni balbu," atakuuliza kama umekuja kutengenezewa au umekuja kufundisha. Na anajisifu mchana kutwa. "Mtaa huu hakuna anayezijua taa za gari kama mimi," anasema akiwa amelala chali chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, na wala hakuna aliyemuuliza. Jina alipewa kwa hasira zake: anakatika ghafla, halafu hata hujamaliza kununa, yeye anacheka na kukuagizia chai. Mimi nampenda. Na mimi si mtu wa kupenda watu ovyo, muulize yeyote anayenijua.

Alianza na kusuka nywele. Saluni yake ilipakana na gereji ya mjomba wake, fundi umeme wa magari, na macho ya mzee yule yalipoanza kufifia akawa anamwita mpwa wake amsomee nyaya: upi mwekundu, upi kahawia, upi umechubuka. Wateja wakawa wanabaki kwenye kiti na nywele nusu kichwa, wamenuna. Mwishowe akafunga saluni na kuhamia upande wa pili wa ukuta. Vidole vilivyozoea kutenganisha nywele moja moja, leo vinapapasa waya na kujua umekatikia wapi, hata kama ganda la nje ni zima. Chombo anachokiamini ni kibalbu kidogo chenye nyaya mbili, alichokiunga mwenyewe. Anagusa hapa, anagusa pale. Kikiwaka, umeme umefika. Kisipowaka, anaanza kutukana.

Sasa nije kwa mume wangu. Yeye ni dereva wa gari la shule, na amekuwa dereva tangu kabla hajanioa. Asubuhi moja alisimama kupisha watu wavuke barabara, gari limejaa watoto, na gari la nyuma likamgonga. Mungu alisaidia, watoto walitoka na mikwaruzo na vilio tu. Lakini yule wa nyuma akaapa mbele za watu kwamba mzee wangu hakuwa na taa ya breki, kasimama tu kama ukuta. Mzazi mmoja aliyekuwa kando ya barabara naye akasema hakuona taa. Mume wangu akasema amekanyaga breki, tena taratibu. Basi watoto wakateremshwa, akaambiwa akanyage tena watu waone. Taa zikawaka, zote mbili, kali kabisa.

Mnaona hesabu waliyopiga? Taa ni nzima, na wakati ule hazikuwaka, kwa hiyo mzee hakukanyaga. Alipotewa na akili, akavuta breki ya mkono, ambayo haiwashi taa. Uzee umeshuka miguuni. Mwenye shule akatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Apumzike kidogo, ni kwa faida yake." Gari lingekaguliwa na mafundi, na kama hawataona kosa, litapewa dereva mwingine. Fundi wa kwanza akabadilisha balbu. Wa pili akabadilisha swichi ya breki pale kwenye pedali. Wote wakasema gari halina ugonjwa. Majirani nao, "lisemwalo lipo," wanasema, wakinitazama kwa huruma ambayo sikuwaomba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, jamani.

Hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni lile nililolikuta chumbani. Mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, anaachia, anakanyaga tena. Akaniambia bila kunitazama, "Mama watoto, labda kweli sikukanyaga."

Nikageuka mbogo. Nikaenda hadi shuleni, nikasema mpaka nikapewa gari kwa siku moja, na jioni msimamizi angekuja kulichukua. Nikampeleka mume wangu kwa Bi Fyuzi huku nimemshika mkono wa shati, maana alitaka kurudi nyumbani.

Bi Fyuzi akasimama nyuma ya gari, mzee akaketi kwenye usukani. "Kanyaga!" Zikawaka. Akaanza kuzitafutia sababu ya kuzimika. Akapiga vifuniko kwa kiganja. Akatikisa nyaya. Akawasha indiketa, akawasha taa kubwa, maana wakati mwingine, alisema, taa moja huiba njia ya nyingine ikiwa waya wa arthi, ule wa kurudisha umeme, umelegea. Akaikwangua arthi yenyewe mpaka ikang'aa. Akazimwagia taa maji. "Kanyaga!" Zikawaka. Tangu mwanzo wa kazi ile sikumsikia akijisifu hata mara moja, na hilo likanitisha.

Wengine wangefunga boneti. Yeye aliliacha gari, akaja kukaa na mume wangu juu ya tairi kuukuu.

"Baba," akamwambia, kwa sauti ambayo sijui aliificha wapi miaka yote, "siku ile gari lilikuwa na nini ambacho leo halina?"

"Lilikuwa na watoto."

"Na uliporudia mbele ya watu?"

"Watoto walikuwa wameshuka."

Bi Fyuzi akasimama kama aliyekalia moto. Akatoka barabarani akaanza kukusanya watu. Wee! Kinyozi aliitwa pamoja na mteja wake mwenye povu shavuni. Muuza viatu, mama wa duka la sabuni na dada zake, wote wanene, sote tukapakiwa. Mimi nikakaa nyuma ya mume wangu. Gari likadidimia, kinyozi akauliza tunaenda wapi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Zikawaka. Nikasikia watu wakiguna. Mume wangu akashusha mabega.

Wakati huohuo msimamizi wa shule akatokea, suruali imepigwa pasi, anadai funguo. Bi Fyuzi alikuwa anachungulia dirishani, anatuhesabu kwa macho. Sisi watu wazima tulikuwa tumejibana siti za mbele. Siti ya mwisho, ile nyembamba iliyofungwa baadaye ili gari libebe watoto zaidi, haikuwa na mtu.

"Wewe," akamwambia msimamizi, "ingia ukae kule nyuma."

"Mimi nimefuata funguo."

"Utazipata. Kaa!"

Ungemsikia alivyolisema hilo "kaa," hata wewe ungekaa. Akapenya katikati ya magoti yetu, akaketi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Hazikuwaka.

"Kanyaga, baba!"

"Nimekanyaga, mama! Nimekanyaga!"

"Usitoe mguu. Wewe msimamizi, simama." Watu waliokuwa nje wakapiga ukelele: zimewaka. "Kaa." Zimezima. "Simama. Kaa. Simama." Msimamizi wa watu akainuka na kuketi kama mtoto aliyechelewa darasani, na hakuna aliyecheka, hata kinyozi.

Bi Fyuzi akaingia kwa magoti na kibalbu chake, akafunua mpira wa sakafuni chini ya ile siti. Waliofunga siti walikuwa wamekaza mguu wake juu ya waya wa taa za breki. Ndani waya ulikuwa umekatika, ganda tu ndilo lililoushikilia. Siti ikiwa tupu ncha zinagusana. Mtu akikaa zinaachana. Akamvuta msimamizi shingo aone kwa macho yake. Msimamizi akaona, akasema atakwenda kumweleza mwenye shule sasa hivi, na akashuka bila kuulizia funguo.

Ndipo Bi Fyuzi akazunguka mpaka dirisha la dereva. Mikono imejaa vumbi, ameegemea mlango.

"Baba," akasema. "Siku ile ulikanyaga."

Mume wangu akalaza paji la uso kwenye usukani, akalia, mzee mzima, mbele ya mtaa wote, na mimi nikamshika bega kutoka nyuma nikalia naye. Watu wakashuka mmoja mmoja, polepole. Nilipochungulia chini nikaona mguu wake wa kulia bado uko kwenye pedali, ameukandamiza hadi mwisho.

"Baba watoto, toa mguu basi," nikamwambia. "Utamaliza betri."

"Mwache akanyage," akasema Bi Fyuzi. "Betri nitaichaji mimi."