Cherehani Iliyoimba

Nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, mikono yangu inapanda yenyewe kichwani kushika mtungi ambao haupo. Fundi wa mtaani kwetu ameniona mara mbili akacheka. Simlaumu.

Mafuta hayo Mwalimu Adventina aliyatumia kulainisha gramafoni. Alikuwa Mhaya, mwalimu wetu wa shule ya vidudu kule Buswelu, miaka ya Ujamaa. Alikuwa na santuri tatu za fidla na piano, muziki wa Ulaya wa zamani, usio na maneno. Muziki ukienda polepole, tulitembea na mitungi ya kujifanya kichwani, tusimwage. Ukienda mbio, tulikuwa dagaa. Fidla yake mwenyewe tulipokezana kuigusa. Sisi watoto wa Kisukuma tuliiita zeze la kidevuni, naye akalikubali jina hilo.

Wakati huo ilisemwa kwamba watoto wasifundishwe muziki wa kikoloni. Kama ilikuwa amri au maneno ya watu tu, sijui. Niliishia darasa la saba, nayaandika kama nilivyoyasikia. Ninachojua, mwalimu aliogopa kuhamishwa. Akaifunika gramafoni kwa kitenge, akatuambia wakija wageni, ile ni cherehani.

Mgeni akaja kutoka ofisi za mjini, mzee mpole. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mtoto, mmoja mmoja. Tukamwimbia nyimbo za kilimo, akafurahi. Akauliza chini ya kitenge kuna nini. Alipoambiwa ni cherehani, akasema kwa utani kwamba basi ashonewe mfuko wa koti uliofumuka. Mwalimu akajibu sindano imevunjika.

Nilikuwa na miaka sita, na juzi yake nilikuwa nimechapwa nyumbani kwa kumdanganya mkubwa.

"Babu, hiyo siyo cherehani," nikasema. "Hiyo inaimba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, Mwalimu. Iimbe basi, tuisikie."

Mwalimu akaondoa kitenge, akazungusha mpini. Tukatembea. Mgeni alipigapiga mguu kufuata muziki, hilo lazima niliseme. Kisha akatoa daftari, akaandika.

Mwalimu alihamishiwa kijiji kimoja ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Gramafoni ilifungiwa stoo, na sijausikia muziki ule tena. Huenda uhamisho ulikuwa njiani tayari. Nimeliandika neno hilo "huenda" mara nyingi kwenye madaftari yangu, na halijawahi kunisaidia.

Siku ile nilizunguka chumba kizima bila kumwaga hata tone. Nikamtazama mwalimu anisifu. Yeye alikuwa anatazama kalamu ya mgeni. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipoelewa alichokuwa anakiona pale. Lakini siku zile niliona amenidharau, nikamnunia wiki nzima, hata shikamoo nikamnyima.

Ndiyo ilikuwa wiki yake ya mwisho kwetu.